Viatu Mlangoni kwa Guru

Viatu havikuwepo.

Kipaza alisimama juu ya ngazi, mkono bado umeshika kitasa, akapatazama mahali alipoviacha. Kandambili za Guru zilikuwepo, moja imeipa mgongo nyingine kama watu walionuniana. Pembeni yake, pale vilipokuwa viatu vyake vya ngozi nyekundu, palikuwa na sakafu tupu. Akaangalia nyuma ya mlango. Akainama akachungulia kati ya feni mbovu zilizojaa koridoni zikingoja kutengenezwa. Akashuka ngazi mbili, akapanda tena. Kile kitu, ile hofu aliyotoka kuilaza kifuani taratibu kama mtoto mchanga, sasa kikafumbua macho.

"Guru," aliita, "viatu vyangu vimeibiwa."

Guru akatoka akijikuna kidevu. Alikuwa mwembamba kama mwimo wa mlango, na sharubu zake alizipaka mafuta mpaka zikang'aa, maana kwa habari ya sharubu alikuwa hajaukana ulimwengu. Akatazama sakafu, akashangaa ni mwizi gani huyo aliyezidharau kandambili zake. Kisha akauona uso wa mwanafunzi wake, akaacha mzaha.

"Pumua kwanza. Utavitafuta baadaye."

"Sina muda wa kupumua."

"Hilo ndilo lililokuleta hapa," Guru akasema.

Kipaza hakumsikiliza. Aliteremka ngazi mbio mbio, miguu peku, hadi kwenye duka la matairi lililokuwa chini. Mwenye duka alikuwa amekalia tairi akinywa chai. Akamwambia asihangaike, hakuna mwizi. Aliyepita ni Fundi, mchumba wake, aliyekuja kutafuta mpira wa soli. Alipanda juu, akakawia kidogo tu, akashuka na viatu mkononi amevibeba kama mtu aliyebeba samaki. Mwenye duka alimsalimia, Fundi hakuitikia.

Moyo ulimwenda chini kama ndoo iliyokatika kamba.

Viatu vile Fundi alivishona mwenyewe, kwa ngozi aliyoichagua mwenyewe, siku alipomwambia kwamba anataka kumwoa. Mji mzima havikuwepo vingine. Na kesho alasiri watu wa Fundi walikuwa waende nyumbani kwa Baba Mdogo, kupeleka posa. Siku zote mke wa Guru hukaa koridoni na cherehani yake, akimkaribisha kila anayepanda. Leo, leo hii, mke wa Guru alikuwa amekwenda kumwona mjukuu. Kwa hiyo Fundi alikuta nini pale juu? Alikuta mlango umefungwa, na nje ya mlango viatu vya mwanamume na viatu vya mwanamke vimelala pamoja.

Akaanza kwenda kwa Fundi. Lami ya mchana ilimchoma nyayo, akahamia kwenye kivuli cha maduka, kivuli kikaisha, akarudi kwenye lami. Watu walimtazama. Msichana aliyevaa sare safi ya stendi, nywele zimefungwa vizuri, peku. Mmoja akamwuliza kama mwajiri amemkata miguuni badala ya mshahara. Hakucheka. Kila hatua alipanga neno la kusema, na kila hatua neno lile likamponyoka.

Angemwambia nini? Angeanzia wapi?

Pale stendi ya mabasi walimwita Kipaza, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa sauti ya stendi. Basi likifika alilitangaza, mtoto akipotea alimtangaza, na sauti yake ilikuwa na utulivu ambao hata madereva walevi waliutii. Fundi, aliyekuwa na kibanda chake nje ya ukuta wa stendi, aliipenda sauti hiyo muda mrefu kabla hajauona uso. Mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akiacha kugonga nyundo kila spika ilipolia, wateja wakadhani amepatwa na kigugumizi cha mikono.

Kisha ikaja siku ya ajali. Simu ilipigwa kwenye chumba cha matangazo, mkubwa wa stendi akamwambia awatangazie watu waliokuwa wakingoja kwamba basi lile halitafika. Ndani ya basi lile alikuwamo baba yake. Akatangaza. Akatangaza mpaka mwisho, kwa sauti ile ile, akawaelekeza watu waende upande gani wapewe habari, akazima kipaza sauti, akainuka, akarudi kukaa. Tangu siku hiyo, akikisogelea tu kipaza sauti, hewa inamkimbia. Kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, dunia inakuwa ndogo kama tundu la sindano. Daktari alimpima moyo, akauona mzima. Akamwambia apumzike. Akapumzika, na kile kitu nacho kikapumzika pembeni yake, kikamfuata hadi kitandani, hadi sokoni.

Akaomba ahamishiwe ofisi ya mizigo. Fundi alipouliza, alimwambia koo linamsumbua. Na ni kwenye ofisi hiyo ya mizigo ndipo siku moja alishikwa mbele ya mzee aliyekuja kuchukua vipuri vya feni, na yule mzee, badala ya kupiga kelele za kuomba maji, akakaa naye sakafuni kati ya maboksi, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Usiifukuze. Iache ipite, mimi na wewe tuitazame."

Watu wa mtaani walikuwa wamempa mzee huyo jina la Guru, mwalimu wa kiroho wa Mashariki, kwa kumdhihaki, naye akalikubali. Ujanani alifanya kazi melini, akaugua, akashushwa kwenye bandari moja huko Mashariki, na mwalimu mmoja wa mlimani akamchukua kwake akamfundisha kukaa kimya. Alikaa miaka mingi. Aliporudi alirudi na mambo mawili tu, kutengeneza feni na kutulia. Hakuwahi kujidai mganga. Kila mara alimwambia binti huyu kwamba kwa daktari aende, na kwake pia aje, na kwamba kuna yeye na kuna kinachompata, na hivyo ni vitu viwili. Wakati mwingine alisinzia katikati ya somo, akazinduka akasema alikuwa akiwaonyesha wanafunzi namna ya kutofanya lolote. Lakini ndani ya chumba kile, juu ya mkeka, ndipo Kipaza alipolala usingizi wa kwanza usio na basi ndani yake.

Sasa angelisemaje hilo kwa mwanamume aliyebeba viatu kama samaki?

Kibanda cha Fundi kilikuwa kimejaa harufu ya gundi. Mteja mmoja mtu mzima alikuwa amekaa kwenye benchi, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi. Na juu ya meza ya kazi, katikati, mbali na viatu vya watu wengine, vilikuwepo vile vyekundu.

"Umekuja peku," Fundi alisema. Hakuinua kichwa.

"Umenichukulia viatu, ulitaka nije na nini?"

"Nilitaka nione kama utakuja."

Akagonga msumari mmoja, akaukosa, akagonga kidole, akajifanya hakikuuma. Kipaza aliyajua mabega yale. Yalipopanda hivyo hadi masikioni, mwenyewe alikuwa anawaka.

"Fundi, si unavyodhani."

"Mimi sijasema ninachodhani."

"Basi sema."

Akaweka nyundo chini. Akakishika kiatu cha kulia, akakigeuza soli juu. "Niliviona tangu chini ya ngazi. Kisigino hiki kimelika upande wa nje. Unajua kwa nini? Kwa sababu unakanyaga kama mtu anayetaka kugeuka nyuma. Miguu yako naijua kuliko unavyoijua mwenyewe." Akakirudisha kiatu mezani. "Ila sikujua inakwenda wapi."

Mteja wa soksi akakohoa. Akasema kwa upole kwamba akipewa kiatu chake hata hivyo hivyo kilivyo ataondoka zake, mambo ya watu wawili yana wenyewe. Fundi akamwambia akae, kiatu hakijakauka. Akakaa.

"Yule mzee anafundisha," Kipaza akaanza. "Watu wengi wanakwenda. Leo mkewe..."

"Anafundisha nini mlango ukiwa umefungwa?"

"Kupumua."

Neno lilitoka dogo, likaanguka kati yao. Fundi akamtazama kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa mekundu, si ya hasira peke yake. Akacheka kicheko kisicho na meno.

"Kupumua. Mtu mzima, mwenye matundu mawili ya pua, anafunga mlango na mwanamume afundishwe kupumua. Kesho Dada Mkubwa avae nguo zake nzuri aende kwa wazee wako, akamwombee mdogo wake mwanamke anayefundishwa kupumua."

Ndipo Kipaza alipomwona. Dada Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, shati jeupe la kesho, lililonyooshwa pasi, likining'inia mkononi mwake kwenye hanga. Yeye ndiye aliyemlea Fundi baada ya mama yao kufariki. Alikuwa mkunga. Nusu ya vijana wa mtaa ule walipigwa kofi lao la kwanza na mkono wake, na bado walimwogopa. Alikuwa amesikia kiasi cha kutosha. Akauliza, bila kupandisha sauti, ni nani anayefundishwa nini.

Kipaza akafungua kinywa amjibu. Hewa haikuja.

Iliondoka yote kwa mara moja, kama zulia lililovutwa chini ya miguu. Kifua kikabana. Akaona kinywa cha Fundi kikifunguka na kujifunga, sauti yake ikitokea mbali, ikimwambia aache michezo, ikimwita jina lake, kisha ikibadilika. Vidole vikafa ganzi. Mwili wote ulimwambia kimbia. Kimbia, toka, hapa utakufa mbele ya watu hawa.

Hakukimbia. Alikunja magoti, akakaa chini, palepale juu ya vipande vya ngozi na misumari iliyopinda. Fundi akaruka meza kumfuata. Kipaza akainua kiganja: subiri. Fundi akasimama katikati ya hatua kama mtu aliyekatazwa na askari. Kipaza akafumba macho. Hofu ilikuja yote na mizigo yake, na yeye hakuisukuma. Akatafuta pumzi moja, ndogo, nyembamba kama uzi. Akaifuata ilipoingia. Akaifuata ilipotoka. Akatafuta nyingine. Kuna mimi, na kuna hiki kinachonipata. Nyingine. Mteja wa soksi alikuwa ametoka akichechemea kutafuta maji, amerudi nayo, hajui ampe nani. Nyingine.

Alipofumbua macho, jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, na Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake, mbali kidogo, mikono yake mikubwa haina pa kwenda.

"Hiki ndicho ninachofundishwa," akasema.

Kisha akamweleza. Hakueleza kwa mpango mzuri. Alianza na ofisi ya mizigo, akarudi kwenye simu ya ajali, akaruka kwa daktari, akamtaja baba yake, akaendelea. Akakiri kwamba koo lake halijawahi kuuma hata siku moja. Fundi alisikiliza uso ukimbadilika kama anga la masika. Mwisho akauliza, taratibu, swali ambalo Kipaza hakulitegemea.

"Kwa nini yeye? Mimi niko hapa, nyuma ya ukuta tu. Ungeniita ningevunja ukuta. Kwa nini ulimwonyesha yeye, ukanificha mimi?"

"Kwa sababu kwako nilitaka kuwa mzima."

Fundi akafumba macho kama aliyechomwa.

Alipoyafumbua, moto wake wa kawaida ulikuwa umerudi, safari hii umegeuka upande wa huruma, na huruma ya mtu wa moto nayo inaunguza. Akamshika mikono. Akamwambia basi yameisha, hana kinyongo, asahau yote. Kuanzia leo asipande tena ngazi zile. Akishikwa amwite yeye. Atakuwa naye mchana na jioni, atambeba ikibidi. "Achana na yule mzee. Mimi ndiye nitakayekuponya."

Yalikuwa maneno matamu. Kwa mwaka mzima wa kukosa usingizi alikuwa akiyaota maneno hayo hasa, katika sauti hiyo hasa. Angesema ndiyo tu, na kila kitu kingerudi mahali pake, posa, kesho, shati jeupe. Kifuani kile kitu kikajigeuza kikimsubiri.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Siachi kwenda. Sikuja kwako kuponywa, Fundi. Nilikuja kupendwa. Ukiwa wewe ndiye dawa yangu, siku utakayochelewa kurudi nyumbani nitakufa mlangoni. Na siku utakayochoka, utaninunia kwa kuwa sijapona."

"Kwa hiyo unamchagua yeye."

"Namchagua huyu aliyekaa hapa chini. Ndiye utakayemwoa au usimwoe."

Fundi akaiachia mikono yake. Akainuka, akaenda hadi ukutani, akarudi, akaokota nyundo, akaiweka. Kibanda kilikuwa kidogo kwa mtu anayetaka kuzunguka. 

Dada Mkubwa ndiye aliyesema. Alikuwa ametazama yote, jicho lake la mkunga halijapepesa. Akamwambia Fundi kwamba yeye hana ugomvi na msichana. Ila mtu haendi kuposa ugonjwa huku anauona. Mambo ya kukaa na kufumba macho, ya walimu wa Mashariki, hayajui, na asichokijua hakibebi mgongoni. Kesho yeye hana miguu ya kwenda kwa Baba Mdogo. Fundi akitaka aende peke yake, kama mtu asiye na kwao. Akalitundika shati kwenye msumari wa mlango, akaondoka.

"Dada," Fundi aliita. Hakugeuka. Akaita tena, na sauti yake ikawa ya mtoto.

Kipaza alimtazama mpenzi wake amesimama kati ya wanawake wawili, mmoja amekwenda, mmoja amekaa chini, naye hajui aelekee wapi. Hakutaka apasuliwe. Hakutaka pia kungoja aone atapasukia upande gani. Akavivuta viatu vyake kutoka mezani, akavivaa bila kufunga kamba, akatoka.

"Unakwenda wapi?" Fundi akauliza.

"Nisubiri. Usinifuate."

Dada Mkubwa alikuwa na mwendo wa watu wanaoitwa haraka kila mahali. Kipaza alimfikia karibu na duka la dawa, pumzi zake mwenyewe zikimpigia kelele masikioni. Akamshika kiwiko. Yule mama akasimama, akautazama mkono ule kwanza, kisha mwenye mkono.

"Dada, umemlea, una haki," Kipaza akasema. "Niulize lolote. Sitaficha tena. Niulize hapa."

Watu walipita kati yao na ukuta. Dada Mkubwa hakuwa na haraka sasa. Akamkagua kuanzia paji la uso hadi kifua kinavyopanda na kushuka, kama anavyowakagua wanawake wanaofika mlangoni kwake wamejishika viuno. Alikuwa na maswali mengi, ilionekana. Akachagua moja.

"Ikikushika na mtoto mikononi?"

Lilikuwa swali la haki, na lilimwingia mahali ambapo hajawahi kumwingiza mtu, hata Guru. Alikuwa ameshaliuliza mwenyewe, macho juu ya dari. Angeweza kusema haitanishika, nitakuwa nimepona. Alitamani sana kusema hivyo. Kifua kikaanza kubana tena, akakiacha kibane.

"Inaweza kunishika," akasema. "Nitakaa chini na mtoto wangu. Zamani nilikuwa naanguka, Dada. Sasa nimejifunza kukaa chini kabla sijaanguka."

Dada Mkubwa akasogea karibu. Akamshika kifundo cha mkono, vidole viwili juu ya mshipa, akatulia akisikiliza. Mapigo yalikuwa yanakwenda mbio, hayakuwa na siri yoyote. Kipaza akaacha yasikilizwe. Gari likapiga honi, mtu akawaambia wasogee, hakuna aliyesogea.

"Nimewaona wanaojua kukaa chini," Dada Mkubwa akasema mwishowe, kama anayejiambia mwenyewe, "si wengi." Akamwachia mkono, akajitengeneza mtandio begani. "Huyo Baba yako Mdogo. Anapenda wageni wafike mapema, au ni wa kuchelewa?"